Mwongozo kamili: Kuambukiza nyasi ya Brachypodium kwa kuvu ya Fusarium, kuanzia mbegu hadi suke

Malalamiko yanayojirudia ya wanaofanya jaribio hili ni matatu: masuke hayatoki, spora (chembe za uzazi za kuvu) hazipatikani, na mimea ya kulinganishia iliyonyunyiziwa maji matupu inaugua sawa na ile iliyoambukizwa. Yote matatu yana sababu zinazojulikana, na karibu zote zinaanza kabla kuvu haijagusa mmea. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi. Ukiyaruka, hatua za mwisho hazitakuokoa.

Kazi yenyewe ni hii: kuotesha *Brachypodium distachyon*, aina ya Bd21, na kuiambukiza *Fusarium graminearum*. Hii ni kuvu inayokausha masuke ya ngano na shayiri, inayoozesha mahindi yakiwa kwenye gunzi, na inayoacha kwenye nafaka sumu ya deoksinivalenoli (DON). Bd21 ni nyasi fupi, inatoka mbegu hadi mbegu kwa wiki 8 hadi 12, na undugu wake na ngano ni wa karibu kuliko ule wa mpunga na ngano. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, iliyochapishwa mwaka 2010, ina takriban megabesi 272 (herufi milioni 272 za DNA). Ya ngano ya mkate inaizidi zaidi ya mara 50. Jaribio linalodai shamba la ngano na msimu mzima, hapa linatosha kwenye rafu moja yenye taa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vibali. Bd21 haikutokea Afrika Mashariki, hivyo mbegu zitatoka nje. Tanzania kibali cha kuingiza mimea kinatolewa na TPHPA, Kenya na KEPHIS, ambazo ni mamlaka za serikali za afya ya mimea. Kuvu usiiagize kutoka nje kama si lazima. Tumia iliyotengwa kwenye ngano au mahindi ya nchini mwako na kuthibitishwa kwa DNA. Itakuondolea urasimu, na matokeo yake yatawahusu wakulima wa hapo ulipo.

Kwa mimea: mbegu za Bd21 zisizopungua 60, vyungu vya sm 8 hadi 10, mboji laini iliyochanganywa na mchanga nusu kwa nusu, taa nyeupe za LED, saa ya kuwasha na kuzima taa, na friji inayoshika nyuzi 4.

Kwa kuvu: choroko kavu gramu 40, unga wa agari ya viazi na dekstrosi, chakula cha kuoteshea kuvu (kwenye kopo huandikwa PDA), flaski za ml 250, mashine ya kutikisa, otoklevu (chombo cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu), sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili spora zitue chini), kitambaa chepesi cha pamba, hadubini, na hemositomita, yaani kile kioo chenye mistari cha kuhesabia seli.

Kwa maambukizi: Tween 20 (sabuni laini ya maabara), kinetini, agari ya kawaida, pipeti ya mikrolita 2 hadi 10, koleo zenye ncha kali, kinyunyizi kidogo chenye matone laini, mifuko ya plastiki angavu, glavu na barakoa.

## Hatua ya 1: Amsha mbegu

Ondoa kumvi kwa mikono, moja baada ya nyingine. Inachosha, lakini kumvi ndizo zinazobeba kuvu za nje, na hapo ndipo ugonjwa wa mimea yako ya maji matupu unapoanzia.

Loweka mbegu kwenye maji saa mbili. Kisha zitie kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa sekunde 30, suuza, halafu zitie kwenye hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 1.3 kwa dakika 4. Kama una jiki isiyo na manukato yenye asilimia 3.5, changanya ml 370 na maji ml 630. Suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye otoklevu. Usizidishe dakika, kwa kuwa kiinitete hakina kumvi za kukilinda tena.

Zipange kwenye karatasi ya chujio iliyoloana ndani ya sahani ya petri, funga, funika kwa foili, weka friji nyuzi 4 kwa siku 5 hadi 7. Baridi hii inavunja usingizi wa mbegu na kuzifanya ziote kwa pamoja. Ukiiruka, utapata mimea ya umri tofauti, na siku ya kunyunyizia masuke yatakuwa kwenye hatua tofauti.

Zitoe na uziweke kwenye nyuzi 22. Umefaulu ikiwa mbegu nyingi zimetoa kizizi ndani ya siku 3. Tupa yoyote iliyozungukwa na utando mweupe, usijaribu kuiosha.

## Hatua ya 2: Otesha, na shughulikia mwanga kwa dhati

Panda mbegu iliyoota sm 1 chini ya udongo, miche miwili kwa chungu. Mwagilia kutoka chini: weka vyungu kwenye trei, mimina maji kwenye trei, na baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki. Udongo unaolowa daima unaozesha mizizi ya nyasi hii haraka sana.

Sasa lile linalowaangusha wengi huku kwetu. Brachypodium ni mmea wa siku ndefu, na karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa mwanga huo Bd21 itaendelea kutoa majani mwezi baada ya mwezi bila kuchanua, na hakuna mbolea itakayoibadilisha. Inahitaji saa 20 za mwanga na saa 4 za giza. Panga taa zizimike saa 4 usiku na kuwaka tena saa 8 usiku. Taa ziwe sm 30 hadi 40 juu ya majani, na zipandishwe mimea inavyorefuka.

Umeme ukikatika usiku mmoja, mmea hautaharibika. Ukikatika mara kwa mara, masuke yatachelewa na yatachelewa kwa viwango tofauti. Saa ya taa iwe na betri yake, la sivyo kila umeme unaporudi itaanza kuhesabu upya na usiku wako utahamia mchana.

Joto liwe nyuzi 20 hadi 24. Banda la kioo la Dar es Salaam au Mombasa bila kipoozeo halifai. Tumia chumba chenye kiyoyozi. Kwenye nyanda za juu kama Mbeya, Arusha au Njoro kazi ni nyepesi zaidi.

Kwa saa 20 za mwanga Bd21 haidai kipindi kirefu cha baridi ili ichanue. Aina nyingine, kama Bd1-1, zinadai wiki kadhaa za baridi. Ukilinganisha aina mbili, panga tarehe za kupanda ili zichanue pamoja.

Umefaulu ikiwa masuke yanaanza kuchungulia kwenye wiki ya 4 au ya 5. Wiki ya 7 ikipita bila suke, hesabu saa za mwanga kwa macho yako mwenyewe, usiiamini saa ya taa.

## Hatua ya 3: Tengeneza spora kwa mchuzi wa choroko

Hapa ndipo kosa la pili linapofanyika. Watu huotesha kuvu kwenye PDA, huona utando mzuri wa pamba, wanaukwangua na kunyunyizia wakidhani wamenyunyizia spora. *F. graminearum* kwenye PDA hutoa utando mwingi na spora chache mno. Spora huja pale inapolishwa kwa ubahili, na mchuzi wa choroko unafanya kazi hiyo vizuri kuliko vyakula vingi vya bei.

Chemsha maji lita 1, tia choroko gramu 40, acha zichemke dakika 10. Zima pale maganda yanapoanza kupasuka. Zikirojeka, wanga unajaa kwenye mchuzi, na kuvu ikishiba inarudi kutengeneza utando. Chuja kwa kitambaa. Mchuzi mzuri una rangi ya chai ya kijani iliyokolea kidogo, na unaona vidole vyako ng'ambo ya flaski.

Mimina ml 100 kwenye kila flaski ya ml 250, ziba kwa pamba na foili, tia kwenye otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 20. Usijaze zaidi, kwani hewa inahitajika.

Mchuzi ukipoa, tumbukiza vipande vinne vya agari vyenye upana wa mm 5, vilivyokatwa kwenye ukingo wa koloni ya siku 5. Tikisa kwa mizunguko 150 hadi 180 kwa dakika, nyuzi 25, siku 4 hadi 5.

Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili ili utando ubaki juu. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 3,000 × g (mara 3,000 ya uvutano wa dunia), dakika 10. Mwaga maji ya juu, ongeza maji safi, rudia mara mbili. Kuosha huku si urembo: mchuzi uliobaki unalisha bakteria kwenye jani, na sumu iliyomo inaweza kuua seli za jani kabla kuvu haijaingia, ukadhani umeona maambukizi.

Angalia kwa hadubini. Unatafuta spora ndefu zilizopinda kama mwezi mwandamo, zenye kuta za ndani, mara nyingi 5 au 6. Kuvu hii haitengenezi spora ndogo za mviringo za seli moja. Ukiziona nyingi, una Fusarium nyingine au uchafu. Simama hapo, rudi kwenye kielelezo chako, tenga upya kutoka kwenye spora moja.

### Kuhesabu

Punguza makali mara 10 kabla ya kuhesabu. Hesabu miraba minne mikubwa ya pembeni, chukua wastani wa mraba mmoja, zidisha kwa 10,000, kisha kwa 10 ya kupunguza makali. Wastani ukiwa 62, una spora milioni 6.2 kwa ml.

Ili kupata ml 10 za spora milioni 1 kwa ml (kwa majani), chukua ml 1.6 na maji ml 8.4. Ili kupata ml 20 za spora 100,000 kwa ml (kwa masuke), chukua ml 0.32 na maji ml 19.68.

Kabla ya kutumia, dondosha tone kwenye agari ya maji, liache nyuzi 25 usiku kucha, asubuhi hesabu spora 100. Umefaulu ikiwa zaidi ya 90 zimetoa mirija. Chini ya 70, tengeneza upya. Kuongeza wingi wa spora zilizozeeka hakuleti jibu lile lile. Zinazobaki zihifadhi kwenye gliseroli ya asilimia 20, nyuzi hasi 80.

## Hatua ya 4: Jaribio la jani lililokatwa

Anza na majani hata kama shabaha yako ni masuke. Jibu linapatikana ndani ya siku 4, na litakuambia kama spora zako zina nguvu.

Tengeneza agari ya asilimia 0.8 yenye kinetini mg 1 kwa lita. Kinetini huchelewesha jani kuwa la njano. Bila yake, siku ya tatu utashindwa kutofautisha ugonjwa na uzee. Iyeyushe kwanza kwenye matone machache ya hidroksidi ya sodiamu, kwa maji matupu haiyeyuki vizuri. Agari ikiganda, kata utepe wa katikati wenye upana wa sm 3 na uutoe, ubaki mfereji.

Chukua majani yaliyokomaa ya mimea ya wiki 3 hadi 4, jani moja kwa kila mmea, kata vipande vya sm 6. Vilaze kama daraja juu ya mfereji, uso wa juu ukiangalia juu, na ncha zote mbili zizame kwenye agari. Kuvu ikigusa agari inakimbia juu yake na kuingia kwenye jani kutoka pembeni, mfereji unaizuia.

Gusa jani kwa ncha butu ya kioo mahali pawili, ubonyeze bila kutoboa. Weka tone la mikrolita 5 la spora milioni 1 kwa ml juu ya kila jeraha. Majani ya kulinganishia nayo yajeruhiwe vivyo hivyo na yapewe maji matupu. Weka karatasi iliyoloana chini ya kifuniko, funga, nyuzi 22, mwanga saa 16.

Saa 48 baadaye doa dogo la kahawia iliyokolea huonekana chini ya tone. Saa 72 hadi 96 doa limerefuka kufuata mishipa ya jani na limezungukwa na njano. Piga picha kwa urefu mmoja ukiwa na rula pembeni, pima eneo kwa ImageJ, programu ya kompyuta ya bure.

Ukitaka kuona kuvu inakoingilia, ng'oa rangi ya kijani kwa ethanoli, tia rangi ya tripani ya buluu, tazama karibu na vinyweleo vya jani. Mara nyingi utakuta nyuzi za kuvu zimejikusanya kwenye shina la kinyweleo.

## Hatua ya 5: Ambukiza masuke

### Kuchagua siku

Kwenye ngano unasubiri kuona machavulio (vifuko vya chavua) yananing'inia nje. Kwa Brachypodium usisubiri, kwa kuwa maua yake mara nyingi hujichavusha yakiwa yamefungwa, na wanaosubiri hujikuta wamenyunyizia mbegu zinazokomaa. Siku chache baada ya suke kutoka kwenye ala, fungua ua moja la katikati ya kisuke (fungu dogo la maua ndani ya suke) kwa koleo. Stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, ikiwa imetanuka kama unyoya na machavulio ni ya njano, yamejaa au ndiyo yanapasuka, siku ndiyo hiyo. Ukikuta kiini (mbegu changa) kimeshaanza kuvimba, suke hilo limekupita.

Fungua masuke matatu ya mimea tofauti kabla ya kuamua. Kisha funga uzi wa rangi kwenye kila suke lililo katika hatua hiyo, na yasiyofungwa usiyahesabu.

### Kunyunyizia

Ongeza Tween 20 hadi asilimia 0.05, yaani mikrolita 10 kwa ml 20. Suke la Brachypodium lina nta, na bila Tween matone yanateleza.

Nyunyizia mimea ya maji matupu kwanza, ifunike, ipeleke chumba kingine, ndipo ufungue chupa ya spora. Mpangilio huu peke yake unamaliza sehemu kubwa ya lalamiko la tatu.

Tikisa chupa kila baada ya mmea mmoja, kwa kuwa spora huzama. Nyunyizia pande zote mpaka matone madogo yafunike suke bila kuchuruzika.

Kama unachunguza jinsi ugonjwa unavyosambaa ndani ya kisuke, usinyunyizie. Ingiza mikrolita 3 za spora 100,000 kwa ml, ambazo ni spora 300 hivi, ndani ya ua moja la katikati, uliweke alama ya wino.

### Unyevu

Lowesha mfuko angavu kwa ndani, funika, funga chini. Acha saa 72, nyuzi 22 hadi 25, na saa 24 za kwanza ziwe gizani. Mfuko unaopigwa na jua unapika mmea na spora pamoja, na matokeo yake ni masuke meupe yanayofanana na ugonjwa. Dalili yake ni kwamba hata mimea ya maji matupu inapauka, na yote kwa siku moja.

Ukichungulia ndani baada ya siku moja na huoni ukungu wa maji kwenye plastiki, mfuko unavuja. Lowesha tena.

### Kinachotakiwa kuonekana

Kuanzia siku ya 3 au ya 4, kumvi ya ua moja moja hupata doa lenye majimaji, kisha kahawia iliyokolea karibu na kitako. Doa hupanda, ua hupauka likawa rangi ya majani makavu, na jirani zake hufuata. Kwenye unyevu utaona utando mweupe, baadaye vivimbe vya rangi ya chungwa hafifu. Hivyo ni spora mpya.

Hesabu siku ya 4, 7, 10 na 14: maua yenye dalili gawanya kwa maua yote ya suke. Usipite siku ya 14, kwa kuwa suke la Bd21 huanza kukauka lenyewe.

Jumlisha mwendo wa ugonjwa kwa eneo chini ya mstari wa grafu ya asilimia na siku. Asilimia zikiwa 10, 35 na 60 kwa siku ya 4, 7 na 10, eneo ni (10+35)÷2×3 = 67.5, ongeza (35+60)÷2×3 = 142.5, jumla 210. Namba hii inalinganisha aina mbili vizuri kuliko picha ya siku moja.

## Hatua ya 6: Thibitisha

Chukua maua matano yenye dalili na matano ya mimea ya maji. Yaoshe kwa hipokloriti ya asilimia 1 dakika moja, suuza, weka kwenye PDA yenye streptomaisini mg 100 kwa lita. Ndani ya siku 4 hadi 5, nyuzi 25, koloni ya *F. graminearum* inakaribia kujaza sahani ya sm 9, pamba nyeupe juu na wekundu wa damu ya mzee chini. Isipotoka kwenye maua yenye dalili, usiite ulichokiona ugonjwa wa Fusarium.

Kuhusu takwimu, tuwe wakali hapa: matone mawili kwenye jani moja si marudio mawili, na majani matano ya chungu kimoja si marudio matano. Kinachohesabika ni mmea, na jaribio zima lirudiwe mara tatu kwa mbegu na spora mpya. Angalau mimea 10 kwa kila kundi kila mara.

Jeni au aina iliyoonyesha ukinzani hapa lazima ipelekwe kwenye ngano yenyewe kabla ya kuizungumzia kwa mkulima. Pia, usidhani nyasi hii inafaa kwa kila ugonjwa. Kutu ya shina, ugonjwa mwingine wa kuvu wa ngano, ikiwemo aina yake ya Ug99 iliyotambuliwa Uganda, haiishambulii Brachypodium kama inavyoishambulia ngano, hivyo swali la kutu linahitaji jaribio la aina nyingine.

## Ukikwama

Madoa yapo kwenye majani lakini masuke ni safi: ulinyunyizia ukiwa umechelewa, au mfuko ulivuja. Fungua ua, tazama ukubwa wa kiini.

Masuke yote yameoza ndani ya siku 4: spora ni nyingi mno. Shuka hadi 50,000 kwa ml, la sivyo aina kinzani na aina dhaifu zitaonekana sawa.

Majani yanateleza na kunuka: ni bakteria. Osha spora mara moja zaidi, tengeneza agari upya.

Madoa yapo pia kwenye majani ya maji: kama hayakui baada ya saa 48, ni jeraha lenyewe. Punguza nguvu ya kubonyeza.

## Kumaliza kazi kwa usalama

Vaa glavu na barakoa unaposhika masuke makavu yenye ugonjwa. Vumbi lake lina spora na DON. Mimea, udongo na mifuko vyote viingie kwenye otoklevu, nyuzi 121 kwa saa moja, kabla ya kutupwa. Joto hilo linaua kuvu na mbegu za Brachypodium, ambazo hazitakiwi kutoka nje ya maabara, lakini DON haimalizwi nalo. Kwa hiyo mabaki yaliyopitia otoklevu yateketezwe au yazikwe. Yasiwe chakula cha mifugo, wala mboji ya bustani.